Mama Mzee Akianza Kusahau: Ni Ugonjwa, Si Uchawi

Popote ulipo, iwe ni Ekerenyo ukichuma majani chai, sokoni Keroka ukipanga ndizi zako, au Borabu ukingojea ng'ombe wa jioni wakamwe, sogeza kiti karibu. Na kama unasoma mazungumzo haya katika kijitabu, wasomee pia wale walio nyumbani, hasa wanaume na vijana. Jambo la leo linawahusu sana.

Katika mazungumzo yaliyopita tumezungumza juu ya presha, kisukari na mifupa ya mama anayezeeka. Leo tutazungumza juu ya ubongo wake. Tutajifunza kwa nini mama au nyanya aliyekuwa hodari huanza kusahau, kupotea njia, kuongea peke yake na kutembea usiku. Tutajifunza pia la kufanya, kwa sababu hapa kwetu Gusii kutojua jambo hili kumewaua watu.

Kwa nini tunazungumza jambo hili

Mnamo Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto katika eneo la Kisii. Mnamo Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa na umati huko Marani, Kaunti ya Kisii. Wote walishutumiwa kuwa ni wachawi. Mambo haya yalitangazwa kote nchini, na wengi wetu tunayakumbuka.

Hatusemi kwamba kila mama aliyeuawa alikuwa mgonjwa. Wengine huonewa kwa sababu ya shamba, wengine kwa wivu, na wengine kwa sababu tu ni wajane wasio na mtu wa kuwatetea. Lakini tunajua jambo moja kwa hakika: mambo mengi ambayo watu husema ni dalili za omorogi ni dalili za ugonjwa unaojulikana na madaktari ulimwenguni kote. Mama akikutwa usiku katika boma la mtu, hana nguo, hawezi kueleza ametoka wapi, watu hupiga kelele. Daktari akimwona mama huyo huyo, humpima na kumpeleka kitandani.

Wewe unayemtunza mama mzee ndiwe mtu wa kwanza kuona mabadiliko yakianza. Ukiyaelewa mapema, unaweza kuokoa maisha yake.

Ugonjwa wa kusahau ni nini?

Ugonjwa huu madaktari huuita dimenshia. Si ugonjwa mmoja tu. Ni jina la hali inayotokea wakati chembechembe za ubongo zinapoharibika na kufa pole pole, mpaka mtu anashindwa kukumbuka, kufikiri na kujifanyia kazi zake za kila siku.

Aina inayoonekana zaidi inaitwa Alzheimer, kwa jina la daktari wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1906. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, hasa kwa watu waliokaa na presha au kisukari kwa miaka mingi bila matibabu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama yetu. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Sababu moja ni kwamba wanawake huishi miaka mingi zaidi, na hatari ya ugonjwa huongezeka kadiri umri unavyosonga, hasa baada ya miaka 65.

Kwa hiyo ugonjwa huu uko Ulaya, uko Marekani, uko Nairobi, na uko Nyamira. Hauletwi na laana, wala hauletwi na kurogwa. Tena hauambukizi: huwezi kuupata kwa kula naye au kulala naye chumba kimoja.

Kusahau kwa kawaida na kusahau kwa ugonjwa

Labda unajiuliza: je, kila anayesahau ni mgonjwa? La. Sote husahau, na mtu anapozeeka hukawia kidogo kukumbuka.

Hata mama wa miaka 45 hadi 55, wakati hedhi inapokoma, anaweza kujikuta akisahau maneno au akiingia jikoni bila kukumbuka alifuata nini. Wakati huo mwili unabadilika, joto linampanda usiku, usingizi unakatika, na akili inachoka. Kwa wengi hali hii hupungua baadaye. Usiogope. Huo si ugonjwa tunaouzungumzia.

Angalia tofauti hizi:

Mama wa kawaida husahau alipoweka kisu, kisha anakitafuta na kukipata. Mama mgonjwa hukiweka kisu ndani ya debe la unga, na ukimwonyesha hajui kimefikaje huko.

Mama wa kawaida husahau jina la mtoto wa jirani, kisha analikumbuka jioni. Mama mgonjwa anaweza kumwita binti yake kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, na akaamini ndiye.

Mama wa kawaida hukosea siku ya soko mara moja. Mama mgonjwa hupotea katika njia ya kwenda kupima majani chai, njia aliyoipita kwa miaka thelathini.

Mama wa kawaida hukuuliza swali mara mbili. Mama mgonjwa hukuuliza swali lile lile mara kumi kabla chai haijachemka, na kila mara kwake ni mara ya kwanza.

Dalili nyingine ni kushindwa kupika chakula alichozoea, kushindwa kuhesabu pesa, kukasirika bila sababu, kujitenga na watu, na kuacha kujali usafi wake. Mambo haya huanza taratibu na huongezeka kwa miezi na miaka.

Kwa nini anafanya mambo ya ajabu?

Hapa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo maneno ya uchawi huanzia.

Kwanza, kwa nini anakumbuka mambo ya zamani na kusahau ya leo? Katika ubongo kuna sehemu inayopokea habari mpya na kuziweka. Ugonjwa wa Alzheimer mara nyingi huanza kuharibu sehemu hiyo. Kwa hiyo yale aliyoyaweka akiwa msichana bado yapo. Anaweza kukuimbia nyimbo za harusi yake bila kukosea, lakini asikumbuke kama amekunywa uji asubuhi. Watu husema, "Anajifanya tu." Hajifanyi.

Pili, kwa nini anatembea usiku? Ubongo ndio unaotuambia sasa ni usiku, lala. Sasa kumekucha, amka. Saa hiyo ya mwilini ikiharibika, mama huamka saa nane za usiku akidhani ni alfajiri. Anatoka kwenda shambani au kisimani. Pengine anatafuta nyumba aliyozaliwa, ambayo haiko tena. Akifika katika boma la mtu, anaingia kwa sababu anaamini amefika kwake.

Tatu, kwa nini anavua nguo? Huenda anasikia joto. Huenda nguo imelowa mkojo na inamsumbua. Huenda alitaka kwenda chooni akasahau kuvaa tena. Sehemu ya ubongo inayotuonya kwamba "hili ni aibu" nayo huharibika. Kwa hiyo mama aliyekuwa na heshima kubwa anaweza kuonekana bila nguo, na asijue.

Nne, kwa nini anaongea peke yake au anasema anaona watu waliokufa? Ubongo uliougua unaweza kumwonyesha vitu ambavyo havipo. Kwake yeye ni vya kweli kabisa. Macho yenye mtoto wa jicho na chumba chenye giza huzidisha hali hiyo.

Tano, kwa nini anasema mkamwana wake ameiba pesa au anataka kumtilia sumu? Kwa sababu aliziweka pesa mahali akasahau. Akili inatafuta maelezo, na mtu aliye karibu ndiye anayelaumiwa. Mkamwana, ukiambiwa hivyo inauma sana, hasa wewe unayemfulia na kumpikia. Lakini maneno hayo ni ya ugonjwa.

Si kila anayechanganyikiwa ana dimenshia

Mama mzee akichanganyikiwa kwa ghafla, kwa saa chache au siku chache, usisubiri. Mara nyingi hiyo si dimenshia. Ni ugonjwa mwingine unaoweza kutibiwa, na ukicheleweshwa unaweza kumuua. Sababu zinaweza kuwa:

- malaria, homa ya mapafu, au maambukizi ya njia ya mkojo. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makubwa bila mwili kuwa na joto kali;
- kukosa maji mwilini, baada ya kuhara au kwa kutokunywa vya kutosha;
- sukari kushuka sana au kupanda sana kwa mwenye kisukari;
- dawa zenyewe, hasa zile za usingizi, au kuchanganya dawa za hospitali nyingi;
- kuanguka na kuumia kichwa, hata kama hakutoka damu.

Akipindika uso upande mmoja, mkono mmoja ukikosa nguvu, au maneno yakiwa hayaeleweki ghafla, hicho ni kiharusi. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna pia hali zinazokuja pole pole zikafanana na dimenshia, kumbe zina tiba. Upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, virusi vya UKIMWI visivyotibiwa, na huzuni kubwa inayodumu. Mama aliyefiwa na mume au mtoto anaweza kunyamaza, kukosa usingizi na kusahau mambo. Akitibiwa huzuni hiyo, kumbukumbu inaweza kurudi. Na mama asiyesikia vizuri huonekana amepotewa na akili, kumbe hajasikia ulichomuuliza.

Ndiyo sababu hatusemi, "Ni uzee tu, mwacheni." Kwanza apimwe.

Umpeleke wapi?

Anza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Yeye anaweza kumpima mama presha na sukari hapo nyumbani na kukuandikia barua ya kwenda mbele. Kisha nenda kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona inafaa, watakutuma Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira, au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii.

Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi mambo haya: kusahau kulianza lini? Kulikuja ghafla au pole pole? Anatumia dawa gani? Zibebe zote kwenye mfuko. Amewahi kuanguka? Anakunywa pombe? Mtu anayekaa naye kila siku ndiye aende naye, maana mgonjwa hawezi kujieleza.

Kuhusu malipo, hakikisha mama ameandikishwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Unaweza kumwandikisha kwa simu kwa kubonyeza *147#. Na kama ametimiza miaka 70, muulize chifu au msaidizi wake kuhusu mpango wa Inua Jamii, ambao huwapa wazee waliosajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi.

Tuseme ukweli: dimenshia yenyewe bado haina dawa ya kuiponya. Zipo dawa zinazoweza kupunguza dalili kwa muda kwa baadhi ya wagonjwa, na daktari ndiye anayeamua. Usinunue dawa za usingizi dukani ili mama atulie usiku. Zinaweza kumchanganya zaidi na kumwangusha. Tena jihadhari na yeyote anayeahidi kumponya kwa malipo makubwa, au anayekutajia jina la jirani kuwa ndiye "aliyemfunga". Huyo anachukua pesa zako na kupanda chuki kijijini.

Kumtunza nyumbani

Utunzaji mzuri ndio dawa kubwa. Fanya hivi:

Panga siku yake iwe ile ile. Aamke, anawe, anywe chai, aote jua, ale na alale kwa saa zile zile. Mazoea humsaidia pale kumbukumbu inaposhindwa.

Ongea naye polepole, ukimtazama usoni. Jitambulishe: "Mama, ni mimi mkamwana wako." Mpe neno moja baada ya jingine. Usimuulize, "Unanikumbuka mimi ni nani?" Swali hilo linamwaibisha.

Usibishane naye. Akisema anataka kwenda kwa mama yake, usimjibu, "Mama yako alikufa zamani." Atalia kana kwamba amefiwa leo. Mwambie, "Nieleze habari za mama. Alikuwa akipika nini?" Atasimulia, na hofu itapungua.

Mpe kazi anayoiweza. Kuchambua maharagwe, kuchuma majani ya chinsaga na rinagu, kukunja nguo. Hata akikosea, mshukuru. Mikono iliyofanya kazi maisha yote haifurahii kukaa bure.

Mlishe vizuri na umpe maji. Mgonjwa husahau kula, na husahau kwamba amekula. Uji wa wimbi, mboga za kienyeji, maharagwe, maziwa, yai na matunda ni vizuri kwake. Kiu yake imepungua, kwa hiyo mpe maji, uji au chai kidogo kidogo mchana kutwa. Jioni punguza chai yenye majani mengi ili apate usingizi.

Mwondolee hatari. Moto wa kuni, jiko la makaa, mafuta ya taa, dawa ya kupulizia nyanya na kahawa, panga na kisu, vyote viwekwe mbali naye. Ondoa vitu vya kumkwaza njiani kwenda chooni. Acha taa ndogo ya sola iwake usiku.

Kuhusu kutembea usiku, mchoshe kidogo mchana kwa kutembea naye, wala usimwache alale mchana kutwa. Mpeleke chooni kabla ya kulala. Mtu mmoja alale karibu naye. Unaweza kufunga kengele ndogo mlangoni ili isikike akifungua. Usimfungie peke yake ndani ya nyumba, wala usimfunge kamba. Nyumba ikishika moto, hawezi kutoka. Na kumfunga binadamu kama mbuzi ni kumdhulumu.

Mshonee ndani ya nguo kipande cha kitambaa chenye nambari ya simu ya nyumbani. Akipotea, atakayemwona atakupigia.

Kuhusu heshima yetu ya chinsoni

Wengi wanaona haya kuuliza jambo hili, nasi tutalisema. Kwetu Abagusii kuna chinsoni, ile heshima inayowatenga wazazi na watoto wao katika mambo ya mwili. Mwana wa kiume mtu mzima haingii tu mahali mama yake anapolala. Mkamwana naye anaona vigumu kumwogesha mama wa mume wake. Matokeo yake ni kwamba mama anakaa na uchafu, vidonda vinaanza, na kila mtu anamngojea mwenzake.

Lakini mila yetu yenyewe ina mlango. Nyanya na wajukuu wake hawana ugumu huo. Wao hutaniana na kukaa pamoja kwa uhuru. Mjukuu wa kike aliye mkubwa, dada ya mgonjwa, au mama wa rika lake anaweza kusaidia kumwogesha. Ila mjukuu asiachishwe shule ili awe mlezi. Kama hakuna mwingine, familia ikae kikao na kukubaliana waziwazi nani atafanya. Mgonjwa anahitaji kuoshwa, na kumwacha mchafu hakumpi heshima yoyote.

Mlinde na maneno ya watu

Familia nyingi humficha mgonjwa kwa aibu. Hili ni kosa la hatari. Jirani asiyejua kwamba nyanya ni mgonjwa, akimkuta usiku dirishani, atafikiri mabaya. Jirani anayejua atamshika mkono na kumrudisha.

Kwa hiyo mkishapata majibu ya daktari, nenda kwa majirani wa karibu mchana, pamoja na mtu mwingine wa familia. Waambie: "Nyanya ana ugonjwa wa ubongo wa kusahau. Daktari amempima. Anaweza kutoka usiku bila kujua. Mkimwona, tupigieni simu." Mwambie pia mzee wa mtaa, chifu msaidizi, viongozi wa kanisa na vijana wa bodaboda, maana wao huwa njiani mpaka usiku. Weka barua ya hospitali mahali salama.

Ukianza kusikia minong'ono kwamba mama yenu ni omorogi, usingoje iwe kelele. Mara nyingi maneno hutangulia moto kwa siku au wiki. Mwarifu chifu na kituo cha polisi mapema, na mhamishe mama kwa muda mahali salama. Unaweza kupiga simu bila malipo nambari 1195, ya kusaidia wanaotendewa ukatili wa kijinsia. Kukiwa na hatari ya saa hiyo hiyo, piga 999 au 112.

Jueni pia sheria. Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyowekwa mwaka 1925, inasema kumshutumu mtu hadharani kwamba ni mchawi ni kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na familia zao na serikali. Anayebeba kiberiti katika umati, na anayebeba mafuta, na anayeonyesha nyumba ni ipi, wote wanaweza kushtakiwa kwa mauaji.

Mama mwenye watoto wa kiume, zungumza nao juu ya hili. Umati hukusanywa kutoka nyumba kwa nyumba. Kijana wako akiwa amefundishwa kwamba mama anayetembea usiku ni mgonjwa, kuna umati mmoja utakaopungukiwa na mtu, na huenda yeye ndiye atakayesema, "Ngojeni kwanza, tumuite mwanawe."

Na wewe mlezi, unaendeleaje?

Kumtunza mgonjwa wa kusahau ni kazi ya usiku na mchana, na mara nyingi huangukia mwanamke mmoja. Ndugu walio Nairobi au Nakuru hutuma pesa kidogo na kusema, "Uko hapo, mwangalie." Usinyamaze mpaka ukaugua.

Ita kikao cha familia. Gawaneni kazi: mmoja alipie chakula, mwingine aje wikendi mbili kwa mwezi ili upumzike, mwingine ashughulikie hospitali. Endelea kwenda kwenye chama chako na kanisani. Ukijiona unamkasirikia mgonjwa mpaka unataka kumpiga, mwache mahali salama, toka nje, vuta pumzi, na umwite mtu akupokee. Hilo halikufanyi mbaya. Limekuonyesha kwamba umechoka na unahitaji msaada. Ukikosa usingizi, ukilia mara kwa mara, au ukiona maisha hayana maana, nenda kituo cha afya uzungumze na mhudumu. Nawe una haki ya kutibiwa.

Wewe wa miaka 40, jikinge sasa

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet lilieleza kwamba karibu nusu ya visa vya dimenshia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama hatari 14 zingeondolewa. Umri hatuwezi kuuzuia. Lakini haya tunayaweza:

- Pima presha angalau mara moja kwa mwaka. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kila unapopimwa, anza matibabu na usiache dawa kwa sababu umejisikia vizuri. Presha haiumi, lakini inaharibu mishipa ya ubongo.
- Pima sukari, na mafuta ya damu ukiweza. Punguza chumvi, sukari na mafuta ya kupikia.
- Tembea, lima, jongeza mwili. Usikae chini siku nzima.
- Acha tumbaku, na ugoro pia uuache. Punguza pombe, chang'aa iache kabisa.
- Tibu masikio na macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi.
- Toa moshi jikoni. Fungua dirisha, tumia kuni kavu na jiko linalopunguza moshi.
- Vaa kofia ngumu unapopanda bodaboda. Kuumia kichwa leo kunaweza kuleta shida baada ya miaka mingi.
- Kaa na watu, soma, jifunze jambo jipya. Na msichana wako amalize shule, kwa maana elimu ya utotoni huulinda ubongo mpaka uzeeni.

Kumbuka

Kusahau kunakoharibu maisha ya kila siku ni ugonjwa. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dharura. Mpime mama kabla ya kusema ni uzee. Usimfungie wala usimfiche. Waambie majirani mapema. Na neno "mchawi" likitajwa, tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu:

1. Katika kijiji chetu yuko mama mzee anayeishi peke yake? Nani humtembelea?
2. Tukimkuta nyanya njiani usiku, tutafanya nini, na tutampigia nani?
3. Katika nyumba zetu, nani anaweza kumwogesha mgonjwa bila kuvunja heshima?
4. Nani kati yetu hajapimwa presha mwaka huu?

Leo, kabla hamjalala, pita kwa mama mmoja mzee aliye jirani yako, mjulie hali, na umuulize amekula nini.